Tuulize kazi kwanza, kipakatalishi baadaye

Kila mwaka, miezi ya Machi, Aprili na Mei inapowadia, wanafunzi kadhaa wa shule zetu za upili na vyuo vyetu hupokea barua za kuwaalika ng'ambo, hasa Marekani na Uingereza, kwa masomo ya muda mfupi yajulikanayo kama masomo ya kiangazi. Barua hizo huleta furaha nyumbani, na ni haki yake. Lakini furaha hiyo haikai muda mrefu kabla ya kuingiliwa na swali ambalo wazazi na walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri nilijibu hadharani: je, mwanafunzi huyu ni lazima anunuliwe kipakatalishi kabla ya kuondoka?

Swali hili laonekana dogo. Kwa mzazi mwenye mshahara mnono huenda likawa dogo kweli. Ataingia dukani Jumamosi na kutoka na mashine mpya kwapani. Lakini wengi wa wanafunzi wetu wanaopata nafasi hizi huzipata kwa ufadhili, maana nyumbani hakuna kitu. Kwa mama anayeuza mboga sokoni, au baba anayechuma majani chai kwa kulipwa kwa kilo, bei ya kipakatalishi ni karo ya muhula ya ndugu wawili, au ni mbolea ya msimu mzima, au ni ndama aliyekuwa akitegemewa. Nimewaona wazazi wakikopa katika chama ili mtoto asiende mikono mitupu, kisha wakaulipa mkopo huo miezi mingi baada ya mtoto kurejea. Kwa upande wa pili, nimewajua wanafunzi waliofika ugenini wakakuta kila zoezi lataka tarakilishi, wakabaki kuwasubiri wenzao walale ndipo waazime. Kukosea huku kuna gharama, na kukosea kule pia kuna gharama.

Msimamo wangu ni huu: haja ya kipakatalishi huamuliwa na kazi ambayo mwanafunzi atapewa, mahali atakapoifanyia na saa atakazoifanyia. Haiamuliwi na fahari ya barua, wala na alichonunuliwa mtoto wa jirani, wala na hofu ya kuonekana mshamba. Na maadamu kazi hiyo hujulikana kwa kuuliza, hatua ya kwanza ni kuuliza. Dukani ni hatua ya mwisho.

Kwanza tufahamu masomo haya ni nini, kwa kuwa jina lenyewe ni geni kwetu. Sisi hatuna kiangazi cha namna hiyo. Mwezi wa Julai, wakati wakazi wa Boston wanatafuta kivuli, watu wa Limuru na Nyandarua wanajifunika mablanketi, na wanafunzi wetu wako katikati ya muhula wa pili. Katika nchi za kaskazini miezi hiyo ndiyo ya likizo ndefu. Madarasa, mabweni na maabara za vyuo vikuu hubaki matupu, na vyuo viligundua zamani kwamba vyaweza kuyatumia majengo hayo kufundisha watu wengine. Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha masomo yake ya kiangazi mwaka 1871. Shule ya Uchumi ya London nayo ilianza yake mwaka 1989. Leo ni vigumu kukipata chuo kikubwa cha Marekani kisichokuwa na kitu cha aina hiyo, kwa wiki mbili, sita au nane.

Lakini jina moja limefunika mambo mengi, na hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Kuna masomo ya kiangazi ambayo ni mijadala: vijana wa shule za upili kutoka nchi mbalimbali husoma makala, hukaa kwenye duara na kujadiliana juu ya siasa, fasihi au mazingira. Kuna masomo ya hisabati, mathalani ule mpango ulioanzishwa na Arnold Ross mwaka 1957, au ule wa PROMYS ulioanza mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Boston, ambayo kiini chake ni nadharia ya namba, na sehemu kubwa ya kazi ya mwanafunzi ni kufikiri na kuandika uthibitisho. Kuna kozi kamili za chuo kikuu zilizobanwa katika wiki chache, ambapo kila juma hudai insha, hesabu za takwimu au programu ya tarakilishi iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyewe. Tena kuna masomo ya daraja, wanayopewa wale waliokwisha kupokelewa kuanza mwaka wa kwanza, ili wazoee maisha ya chuo kabla ya wenzao kuwasili. Na tangu janga la Korona la mwaka 2020, kuna yale yanayofundishwa kwa mtandao, mwanafunzi akiwa nyumbani kwao.

Sasa niambie, msomaji: je, aina zote hizi zaweza kuwa na jibu moja? Kijana anayekwenda kuthibitisha sifa za namba tasa atashinda na kalamu, karatasi na ubao. Kijana anayekwenda kujifunza kuandika programu, bila mashine ni sawa na mwanagenzi wa useremala asiye na msumeno. Anayekwenda kwenye mijadala atahitaji chombo cha kusomea makala na kuandikia insha moja au mbili, kazi anayoweza kuimaliza katika maktaba ya chuo. Na yule wa masomo ya daraja anakwenda kuanza safari ya miaka minne, si ya wiki sita. Kwake yeye swali si kama atahitaji kipakatalishi bali ni lini anunue, na kwa fedha za nani.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni kujisumbua bure. Kwamba kipakatalishi hakimdhuru mtu, na kuwa nacho ni bora kuliko kukosa. Hoja hii yafaa kupimwa kwa ushahidi, na ushahidi upo.

Mwaka 2013, wachumi Robert Fairlie na Jonathan Robinson walitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule 15 za jimbo la California. Walikuwapo wanafunzi 1,123 wa darasa la sita hadi la kumi, wote wasiokuwa na tarakilishi nyumbani. Wachache kwa wengi kiasi cha nusu walipewa tarakilishi za bure, wengine wakangoja hadi mwisho wa jaribio. Mwaka wa masomo ulipokwisha, waliopewa walikuwa wametumia tarakilishi kwa saa nyingi zaidi kuliko wenzao, lakini alama zao, mitihani yao na mahudhurio yao hayakuwa tofauti. Mashine haikuwadhuru wala haikuwafaidi.

Huyo huyo Fairlie, pamoja na Rebecca London, alikuwa ametangaza mwaka 2012 jaribio jingine, safari hii katika chuo kimoja cha jamii kaskazini mwa California. Wanafunzi walikuwa 286, wote wakipokea msaada wa fedha kwa sababu ya uhitaji. Nao waligawanywa, baadhi wakapewa tarakilishi, baadhi wakakosa. Hapa matokeo yalikuwa tofauti: waliopewa walipata nafuu katika masomo yao, ingawa ilikuwa nafuu ndogo.

Kwa nini mashine iwafae hawa na isiwafae wale? Jibu langu, kama mwalimu, ni kwamba mwanafunzi wa chuo alikuwa tayari na kazi iliyokuwa ikimngoja: insha za kuandika, kozi za kujiandikishia, barua-pepe za wahadhiri. Tarakilishi ilipofika ilikuta pengo, ikaliziba. Mtoto wa shule hakuwa na pengo kama hilo. Walimu wake walikuwa hawamdai kazi ambayo bila mashine haiwezekani. Basi akapata kitu cha kuchezea na, mara mojamoja, cha kusomea.

Wala tusidhani kwamba kuwa na mashine darasani ni faida tupu. Katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, watafiti waliyagawa madarasa ya somo la uchumi katika miaka ya masomo ya 2014 na 2015: baadhi yaliruhusiwa vipakatalishi na tabuleti, baadhi yakakatazwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba madarasa yaliyoruhusiwa yalipata alama za chini katika mtihani wa mwisho. Tukumbuke hao ni makurutu wa jeshi, watu waliozoea nidhamu. Ikiwa wao walishindwa kuzuia macho yao yasitangetange kwenye kioo, seuze kijana wa miaka kumi na saba aliyepata mashine yake ya kwanza wiki moja kabla ya kupanda ndege!

Kosa la kutanguliza chombo na kuifuatisha kazi halikuanzia kwa wazazi wetu. Serikali zimelifanya kwa mabilioni. Huko Peru vipakatalishi viligawiwa kwa maelfu katika shule za mashambani, na utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika uliotolewa mwaka 2012 haukuona dalili kwamba watoto waliopewa walikuwa wameendelea zaidi katika hisabati na lugha. Hapa kwetu, kampeni za mwaka 2013 zilikuja na ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikaangukia kwenye mivutano na kesi, mpango ukageuzwa, na kuanzia mwaka 2016 zikapelekwa tabuleti zaidi ya milioni moja katika shule zaidi ya 20,000. Nia ilikuwa njema. Lakini walimu wanaosoma safu hii ni mashahidi: ziko shule ambazo masanduku hayo yalifungiwa kabatini kwa kuhofiwa wezi, au kwa kuwa hakuna aliyejua azitumie katika somo gani, siku gani, kwa lengo gani. Chombo kilifika kabla ya kazi.

Mzazi anayekimbilia dukani kabla ya kuuliza anarudia kosa lile lile, ila yeye hana hazina ya taifa ya kumfidia.

Je, aulize nini? Nitataja maswali manne, na napendekeza mwanafunzi mwenyewe, akisaidiwa na mwalimu wake, ayaandike katika barua-pepe moja fupi na kuyapeleka kwa waandalizi.

La kwanza: kazi zitakazotolewa ni zipi, na ni zipi kati yake zisizoweza kufanywa kwa kalamu au kwa simu? Waandalizi wengi huwa na ratiba na orodha ya mazoezi. Waombwe. Barua ya mwaliko ikisema tu kwamba kipakatalishi "kinapendekezwa", neno hilo halina uzito wa "ni lazima", na mwalimu wa lugha yeyote anapaswa kumwonyesha mwanafunzi wake tofauti hiyo.

La pili: chuo kina nini? Maktaba nyingi za vyuo vikuu vya Marekani zina vyumba vya tarakilishi, na nyingi pia huwaazima wanafunzi vipakatalishi kwa saa au kwa siku kadhaa. Lakini usiridhike na jibu kwamba vipo. Uliza hufunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi, maana wakati wa kiangazi saa hizo huweza kupunguzwa. Uliza pia kama mwanafunzi wa masomo ya kiangazi, hasa aliye chini ya miaka 18, anaruhusiwa kuvitumia, na kama anaruhusiwa kutoka bwenini usiku. Maabara inayofungwa jioni haimsaidii kijana ambaye vipindi vyake humalizika jioni.

La tatu: ni programu gani zitakazotumika? Swali hili husahauliwa, na ndilo huokoa fedha nyingi. Kwa insha tupu, mashine ya bei ya chini yatosha. Kwa takwimu kwa kutumia R, ambayo hupatikana bila malipo, mashine ya kawaida yatosha pia. Kwa uchoraji wa kihandisi, mashine hafifu itakwama siku ya kwanza. Zile Chromebook zinazovutia kwa bei yake hazipokei programu za kawaida za Windows, na sehemu kubwa ya kazi zake hutegemea mtandao. Nimekutana na mzazi aliyenunua mashine ya fahari kwa ajili ya kozi ya uandishi, na mwingine aliyenunua ya rahisi kwa kozi ambayo haikuweza kuipokea. Wote wawili walinunua kabla ya kuuliza.

La nne: kama kipakatalishi ni lazima, je, ufadhili unakigharimia? Wanafunzi wetu huona haya kuuliza jambo hili, wakidhani wataonekana ombaomba na nafasi wapewe wengine. Haya hiyo haina msingi. Aliyekubali kulipa nauli ya ndege, chakula na malazi ya mwanafunzi hawezi kustaajabu kuulizwa juu ya chombo ambacho bila hicho gharama hizo zote zitapotea. Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Masomo ya mtandaoni yana hesabu yake. Hapo mwanafunzi hana maabara ya kukimbilia; mashine ndiyo darasa. Lakini hata hapo kipakatalishi peke yake si jawabu. Katika miezi hiyo Nairobi huwa mbele ya Boston kwa saa saba. Kipindi cha saa nane mchana kule ni saa tatu usiku hapa. Kipindi cha saa moja jioni kule ni saa nane usiku wa manane hapa. Je, nyumbani kuna umeme saa hizo? Mtandao unafika? Kuna chumba ambacho kijana ataweza kuzungumza bila kuwaamsha wadogo zake? Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima iliingia gizani, na betri ya kipakatalishi haidumu kucha. Fedha za vifurushi vya intaneti kwa wiki sita huenda zikawa na maana zaidi kuliko mashine mpya. Afadhali mashine kuukuu yenye mtandao wa uhakika kuliko mpya inayotazamana na ukuta.

Nisidhaniwe kwamba nawapinga wanunuzi. Iko hoja moja ya upande wao ambayo naiheshimu sana, nayo ni hoja ya usawa. Mtoto wa Turkana au wa Kwale anapokaa darasani na watoto wa matajiri wa dunia, wote wakiwa na mashine mezani isipokuwa yeye, anabeba mzigo ambao hauonekani katika orodha ya mahitaji. Wenzake wanaandika usiku wakiwa kitandani, yeye anasubiri maktaba ifunguliwe. Wenzake wanarekebisha insha mara tano, yeye anairekebisha mara moja. Simu ya mkononi yaweza kusomea, yaweza hata kuandikia, lakini aliyewahi kuandika insha ya kurasa kumi kwa kidole gumba anajua adhabu yake. Jaribio lile la chuo cha California lilionyesha kwamba kwa mwanafunzi mhitaji mwenye kazi halisi mkononi, mashine yake mwenyewe huleta nafuu. Siwezi kuutaja ushahidi huo unaponifaa na kuuficha usiponifaa. Kwa hiyo nasema: ikiwa kazi ni ya kuandika au kukokotoa kila siku, na chombo cha kuazima hakipatikani usiku, basi kipakatalishi si anasa. Ni sehemu ya nauli, na kitafutwe kama nauli inavyotafutwa.

Lakini hoja hiyo ya usawa haimtoshelezi anayesema tu kwamba mtoto ataona aibu. Aibu haitibiwi kwa deni. Mwanafunzi aliyechaguliwa kati ya maelfu kwa sababu ya akili yake anapaswa kuambiwa na walimu wake, kabla hajaondoka, kwamba hakualikwa kwa ajili ya mkoba wake.

Ikishaamuliwa kwamba kinunuliwe, kinunuliwe kwa akili. Wengi wetu hununua mashine zilizokwisha kutumika, zile zinazoletwa kutoka Uingereza na kwingineko na kuuzwa katika maduka ya Luthuli Avenue na mitaa ya karibu. Si kosa; nyingi ni imara. Ila mnunuzi ajue kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10, na kwamba Windows 11 kwa jumla hudai prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea. Mashine ya zamani zaidi ya hapo ni rahisi kwa sababu. Ajaribu betri akiwa dukani, pasipo waya. Chaja nyingi za vipakatalishi hupokea umeme wa volti 100 hadi 240, hivyo hazidhuriki na umeme wa Marekani ambao ni volti 120; maandishi madogo kwenye chaja ndiyo yatakayothibitisha. Lakini plagi yetu ya miguu mitatu minene haiingii kwenye matundu ya kule, na adapta ya bei ndogo hapa ni afadhali kuliko kuhangaika uwanja wa ndege. Betri za akiba hubebwa mkononi, hazipakiwi katika mizigo ya chini ya ndege.

La muhimu kuliko hayo: mashine inunuliwe mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Somo la tarakilishi katika shule zetu za upili ni la hiari, na simu nyingi zimepigwa marufuku bwenini. Wapo vijana wetu wenye alama za juu kabisa ambao hawajawahi kupiga chapa insha moja kamili. Kijana wa namna hiyo akipewa mashine siku ya kuondoka, atazitumia wiki mbili za kwanza za masomo akitafuta herufi. Mwezi mmoja wa kuandika kurasa mbili kila jioni, hata kwa mashine ya shule au ya mwalimu, una faida kuliko tofauti ya bei kati ya mashine nzuri na mashine bora.

Hapa ndipo nawageukia walimu wenzangu. Barua hizi hupitia mikononi mwetu. Sisi ndio huandika mapendekezo, sisi ndio huwapigia wazazi simu. Tusiishie kushangilia shule yetu kutajwa. Tuketi na mwanafunzi, tuisome barua neno kwa neno, tuandike yale maswali manne na tungoje majibu kabla ya kumwambia mzazi auze chochote. Shule inayopeleka wanafunzi kila mwaka ingeweza kununua vipakatalishi viwili na kuwaazima wasafiri, wakirudi virudi. Mashine moja ingehudumia vijana watano katika miaka mitano, na hakuna nyumba ambayo ingeingia deni. Wanafunzi wa zamani wanaochangia mabasi na malango ya shule hawatashindwa na jambo hilo.

Waandalizi nao wana wajibu. Anayemwalika kijana kutoka upande wa pili wa dunia, akijua kwamba amemchagua kwa sababu ya uhitaji wake, hana budi kumweleza kinaganaga katika barua ile ile ya kwanza: kazi yenyewe ni hii, vyombo vilivyopo ni hivi, visivyokuwapo utapewa au utajitafutia. Sentensi tatu za namna hiyo zingeokoa ndama wengi huku kwetu. Na vyuo vikuu vya hapa nchini visijione kuwa nje ya lawama hii, kwa maana vinawapokea maelfu ya vijana wa mwaka wa kwanza kwa barua zinazoorodhesha karo, ada na picha za pasipoti, lakini hazisemi neno juu ya tarakilishi, hadi mwanafunzi agundue mwenyewe kwamba hata kujiandikisha ni kwa mtandao.

Kwa hiyo, mzazi uliyeniuliza, jibu langu si ndiyo wala si la. Mwambie mwanao aandike ile barua-pepe leo jioni. Majibu yakija, yaone pamoja na mwalimu wake. Yakisema kazi haiwezekani bila mashine na hakuna ya kuazima, tafuta njia bila kusitasita, ukianza na mfadhili, kisha shule, kisha mfuko wako. Yakisema vinginevyo, mnunulie daftari nene na kalamu nzuri, na zile fedha zimlipie mdogo wake karo ya muhula wa tatu.